Namba Moja ya Simu, Siri za Ukoo Mzima

Simu inaita saa nne asubuhi. Anayepiga anauliza kama anaongea na Mama Salma, anajitambulisha kuwa mwalimu wa zamu, kisha anasema Salma wa darasa la nne ameanguka mstarini, yuko hospitali, na daktari anataka hela ya vipimo kwanza. Jina la mtoto ni lenyewe. Darasa ni lenyewe. Shule ni yenyewe. Mzazi aliyepigwa na taarifa kama hiyo hana dakika mbili za kutafakari, anatuma.

Utapeli wa aina hii umeshazoeleka Tanzania, Kenya na Uganda, na wengi wanaoumizwa nao huamini kuna mtaalamu wa kompyuta aliyeingia kwenye simu yao. Mara nyingi hakuna aliyeingia popote. Jina la mtoto lilikuwa kwenye keki ya siku ya kuzaliwa, kwenye stetasi ya shangazi. Shule ilikuwa kwenye nembo ya sweta. Darasa lilitajwa na baba mdogo alipompongeza kwa matokeo ya muhula. Namba ya mama ilikuwa kwenye orodha ya michango ya harusi. Watu wanne, kila mmoja ametoa kipande kimoja kwa nia njema, na tapeli kazi yake ilikuwa kuunganisha tu.

Kwa hiyo anayesema "mimi sina cha kuficha" hajalielewa jambo lenyewe. Faragha ya familia ni mali ya pamoja, na huvujia pale palipolegea kuliko pengine pote. Unaweza ukajifungia wewe kila kitu, na mdogo wako akakutoa nje kwa kubonyeza "Ruhusu" mara moja.

Picha ya siku ya kwanza ya shule

Chukua picha ambayo kila Januari hujaa mitandaoni: mtoto kasimama nje ya nyumba, sare mpya, mkoba mgongoni. Itazame kama anavyoitazama mtu asiye mwema. Nembo kifuani inataja shule. Mkoba umeandikwa jina kwa makapeni. Nyuma yake kuna geti la bluu na kibao cha duka la jirani, hivyo mtaa umejulikana. Chini mzazi ameandika: "Leo binti yangu anatimiza miaka 6 na anaanza la kwanza." Hapo tarehe ya kuzaliwa imekamilika, siku, mwezi na mwaka.

Tarehe ya kuzaliwa si jambo dogo. Tanzania, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watoto wanapompongeza mama yao hadharani kwa kutimiza miaka 60, wameshamwaga tarakimu 8 za kitambulisho chake. Na kinyume chake: yeyote aliyeona kitambulisho chako amejua mwaka uliozaliwa, ambao kwa watu wengi mno ndio pia namba ya siri ya pesa ya simu.

Hakuna haja ya kuacha kufurahia watoto. Mpige picha mtoto mbele ya ukuta mtupu. Kata picha ianzie juu ya nembo. Usiandike jina wala umri, kwa sababu wanaompenda wanavijua. Picha ya matembezi irushwe mkiwa mmesharudi, si mkiwa bado mpo.

Kuna kitu kingine kisichoonekana kwa macho. Kamera ikiwa imeruhusiwa kujua mahali, faili la picha hubeba ndani yake vipimo vya ramani vya pale ilipopigwa. Ukituma picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama hati, jambo wanalofanya wengi ili picha isipungue ubora, faili huenda zima pamoja na vipimo vyake. Fungua mipangilio ya kamera yenyewe na uzime kuhifadhi mahali. Ni kitufe kimoja.

Halafu stetasi. Isipobadilishwa, huonekana kwa watu wote uliowahifadhi na wao wamekuhifadhi: fundi bomba, dalali wa nyumba ya zamani, kijana wa bodaboda. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Faragha, Stetasi, kisha chagua kushiriki na watu uliowataja tu. Taja ndugu na marafiki wako 20 au 30. Ni kazi ya dakika tano, na mpangilio huo unabaki hivyo hadi uubadilishe mwenyewe.

Shule nazo zina wajibu wao, na mzazi ana haki ya kuudai. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Sheria ya Kenya ni ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kufika kwenye malalamiko, mwandikie mkuu wa shule barua fupi mwanzoni mwa mwaka: picha za mtoto wangu zisiwekwe kwenye kurasa za shule bila mimi kuulizwa. Ikipuuzwa, unayo karatasi ya kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kwa Kamishna ukiwa Kenya, ambako sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kundi la michango

Hakuna mahali familia zetu zinapojianika kama kwenye kundi la WhatsApp la harusi au msiba. Anachaguliwa mwenyekiti na mweka hazina, watu 200 wanaingizwa, na kila jioni orodha inabandikwa: Mjomba fulani 500,000 amemaliza, shangazi fulani ahadi 300,000, dada wa Muscat 1,000,000. Kila aliyemo anaona namba ya simu ya kila mwingine. Kwa tapeli hii ni ramani kamili: nani ana uwezo, nani ndugu wa nani, nani yuko nje ya nchi na hawezi kufika kuhakiki kwa macho.

Njia ya kuingia ni kiungo cha mwaliko. Kikisharushwa kwenye stetasi au kundi jingine, yeyote anakifungua. Anakaa kimya siku mbili tatu, anachukua picha na jina la mweka hazina na kuyaweka kwenye akaunti yake, kisha siku ya mwisho ya michango anaandika: "Ndugu zangu, ile namba ina shida, tumieni hii." Msomaji anaona picha anayoijua. Namba haitazami.

Ukiwa kiongozi wa kundi, ingia kwenye taarifa za kundi na ufanye mambo matatu. Washa kuidhinisha wanachama wapya, ili kiungo pekee kisitoshe. Weka viongozi tu ndio wabadilishe maelezo ya kundi, na namba ya kupokelea ikae kwenye maelezo hayo, isiwe ya kutafutwa kwenye mazungumzo. Kiungo kikishasambaa, kiweke upya. Cha zamani kinakufa palepale. Orodha ya majina na viwango ibaki kwa kamati, na mchangaji ajibiwe mwenyewe kwamba mchango umefika. Najua wapo watakaosema orodha ya wazi ndiyo inayowasukuma walio wazito wa kutoa. Inawasukuma, ndiyo, lakini gharama yake wanalipa wazee waliomo kundini.

Shughuli ikiisha, kundi livunjwe. Makundi ya misiba ya miaka mitano iliyopita bado yanashikilia namba za ukoo mzima bila kazi yoyote. Na wewe mwenyewe, kwenye Faragha, Makundi, weka kwamba walio kwenye orodha yako tu ndio wanaoweza kukuingiza.

Kitabu cha namba si chako peke yako

Programu ya mkopo wa haraka inapoomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu, anayeombwa ruhusa si mkopaji peke yake. Ndani ya simu yake mna namba ya mama yake, ya bosi wake, ya mchumba wake, na jinsi alivyowaandika: "Mama mzazi", "Mjomba Bandari", "Mkwe". Baadhi ya wakopeshaji wamezitumia namba hizo kuwapigia ndugu na kuwaaibisha wakopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya ilikuwa imeshatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Na tangu 31 Mei 2023 duka la programu la Google haliruhusu programu za mikopo binafsi kusoma namba wala picha za mtumiaji. Ndiyo maana zenye nia mbaya hukutaka upakue faili nje ya duka, kwa kiungo kilichotumwa kwenye ujumbe. Programu ya mkopo inayokuja kwa kiungo, achana nayo.

Kwenye simu ya Android fungua Mipangilio, nenda kwenye faragha, utafute kidhibiti cha ruhusa. Gusa anwani za simu: utaona programu zote zilizoruhusiwa. Tochi haina haja ya kujua namba ya mama yako, wala kikokotoo, wala mchezo wa mtoto. Zikatalie. Rudia hivyohivyo kwa mahali, kipaza sauti na ujumbe mfupi. Huo wa mwisho uangalie kwa makini kuliko yote, kwa sababu programu inayosoma ujumbe wako inasoma pia namba za uthibitisho za benki. Kwa mahali, Android 12 na kuendelea inakuruhusu kutoa eneo la kukadiria badala ya mahali hasa. Programu ya hali ya hewa inatosheka na hilo.

Laini ndiyo ufunguo

Pesa iko juu ya laini. WhatsApp imefungwa kwenye laini. Barua pepe hurejeshwa kwa ujumbe unaoingia kwenye laini, na benki nayo hutuma namba zake humohumo. Aliyeshika laini yako hahitaji kujua nywila yako hata moja: anabonyeza "nimesahau", anasubiri ujumbe. Huipata kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuichomoa. Simu iliyoibwa inaweza kuwa imefungwa vizuri kwa alama ya kidole, lakini mwizi anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na ujumbe wote unaingia huko. Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo si ile ya skrini wala ile ya pesa. Wachache sana wameiwasha. Kabla hujaiwasha, tafuta kile kikadi kikubwa ambacho laini ilichomolewa: kimeandikwa PIN ya kuanzia na PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, yenye tarakimu 8. Kama kimepotea, waombe huduma kwa wateja wakupe vyote viwili. Usibahatishe, kwa kuwa ukikosea PIN mara 3 laini hujifunga hadi uweke PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini inakufa moja kwa moja. Ukishavipata, ingia Mipangilio, Usalama, tafuta kufunga SIM, weka PIN ya kuanzia, kisha ibadilishe iwe yako. Tangu hapo kila simu inapozimwa na kuwashwa, au laini inapohamishwa, itaulizwa. Andika PUK kwenye karatasi, ikae na vyeti vya nyumbani.

Sambamba na hilo, ficha maudhui ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. Simu nyingi huonyesha ujumbe wa uthibitisho mzima juu ya kufuli, kwa hiyo mwizi anausoma bila kufungua chochote.

Njia ya pili ni kuirudisha laini yako, yaani kuomba kadi mpya yenye namba yako, kwa jina lako bila wewe kuwepo. Hapa ndipo namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba unazowasiliana nazo zinapotafutwa. Kenya, mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isirudishwe na wakala wa mtaani, bali kwenye maduka ya kampuni tu. Tanzania, usajili ni wa alama za vidole. Tarehe ya mwisho ya kusajili upya ilikuwa 20 Januari 2020. Alama za vidole zilipaswa kumaliza tatizo, na zimelipunguza, ila zimezaa jingine: wakala asiye mwaminifu anakuambia kidole hakijasoma, rudia, na kile cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kutapeli, anayetafutwa ni wewe. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ufanye hivyo kwa laini za wazee pia, maana wao ndio wanaorudishiwa kidole mara nyingi. Safaricom nao hutumia *106# hiyohiyo. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani na kitambulisho chako ukaiondoe.

Dalili ya laini kuchukuliwa ni mtandao kupotea ghafla huku wa jirani mwenye mtandao uleule ukiwepo. Zima simu na kuiwasha mara moja. Ikiendelea, usingoje kesho: azima laini ya mtandao huohuo, piga 100, omba laini na pesa vifungwe.

Ya tatu ndiyo inayowapata wengi zaidi, nayo ni kumpa mtu ufunguo kwa mkono wako. Anakupigia anayejiita wa kampuni ya simu, anakutaka umtajie tarakimu 6 zilizoingia. Au anakuelekeza ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani na #. Amri hiyo huelekeza simu zako zote kwake. Kisha anafungua WhatsApp kwa namba yako, anaomba ipigiwe simu ya kutajiwa namba ya uthibitisho, na simu inaita kwake. Kujua kama simu zako zimeelekezwa, bonyeza *#21#. Kufuta uelekezaji wote, ##002#. Ukijaribu *#62# ukaona namba usiyoijua, usishtuke haraka. Mara nyingi ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni yenyewe.

Kinachomzuia huyu hata akipata tarakimu 6 ni PIN ya WhatsApp. Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, washa, weka tarakimu 6 zisizo tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote nyumbani, kisha weka barua pepe unayoifungua kweli, ya kukusaidia ukisahau. Halafu angalia vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoikumbuka ikiwemo, itoe. Namba ya tapeli, ukiwa Tanzania, itume kwenda 15040. Kwa Safaricom, tuma 333.

Ndugu walio Oman, Ulaya au Marekani wana shida yao pekee. Laini ya nyumbani isipotumika kwa muda hufungwa na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine. Huyo mpya anaanza kupokea ujumbe wa benki ya ndugu yako, na anaweza kuingizwa kwenye kundi la familia na mtu anayedhani anamwongeza ndugu. Anayesafiri ahamishie benki, barua pepe na WhatsApp kwenye namba mpya kabla ya kuiacha ya zamani, na familia ifute ile ya zamani kwenye simu zote. Mwambieni pia asirushe picha ya tiketi ya ndege kwa furaha ya kuja: namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu 6, pamoja na jina la ukoo, mara nyingi vinatosha kufungua safari yake na kuibadilisha.

Steshenari, kitambulisho na fundi

Unahitaji kivuli cha kitambulisho. Unamtumia picha kijana wa steshenari kwa WhatsApp, anachapa, unalipa, unaondoka. Picha imebaki sehemu tatu: kwenye mazungumzo, kwenye simu yake, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta ambayo kila mteja anaisogelea. Kufuta ujumbe upande wako hakuligusi faili la kwenye kompyuta. Nenda na faili kwenye flashi ukiweza. Ukishindwa, simama hapo hadi aingie kwenye folda hiyo, afute, kisha amwage na kapu la taka. Na kabla ya kutoa kivuli kwa yeyote, kiandike kwa kalamu, mstari ukipita juu ya picha na namba: "Kwa ajili ya mkataba wa nyumba tu", na tarehe. Kivuli chenye mstari huo hakifai tena kusajilia laini.

Kwa fundi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kumkabidhi. Samsung nyingi zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe huku fundi akiendelea na kazi. Usiache namba ya siri imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa simu. Ndivyo zinavyokaa kaunta, wazi kwa kila apitaye.

Watoto wenye simu zao: mwaka wa kuzaliwa uwe wa kweli. TikTok huziweka akaunti za walio chini ya miaka 16 ziwe za faragha na huzizuia kupokea ujumbe wa moja kwa moja, lakini mtoto aliyejiandika ana miaka 19 hapati ulinzi hata mmoja kati ya hizo.

Limebaki swali la familia. Kaeni siku moja mkiwa pamoja, mkubaliane swali moja ambalo mtu akipiga au kuandika kuomba hela ya haraka ataulizwa, hata akiwa na sauti na picha ya ndugu. Jibu lisiwe jina la mtoto, shule, kijiji wala tarehe yoyote, kwa kuwa hivyo vyote vimeshatoka. Liwe kitu cha ndani: sufuria lililoungua siku ya Idi, jina la paka aliyekufa, kiti cha babu kisichokaliwa na mtu mwingine. Bibi afundishwe kwa mdomo, ajaribiwe mara mbili kwa simu wiki hiyohiyo. Na jibu lisiandikwe popote, hata kwenye kundi la familia.